Chai ya saa nne: mwongozo kamili wa meza ya Jumapili, kutoka Mombasa, Dar na Muscat

Malalamiko ninayopewa kuhusu meza ya asubuhi ya wikendi ni matatu, na hayabadiliki. Mahamri hayafuri. Tui linakatika kwenye mbaazi. La tatu watu hulisema kwa sauti ya chini: wageni waliitwa saa 4, wakala saa 8.

Mawili ya kwanza tutayamaliza hapa chini, maana sababu zake zinajulikana. La tatu ndilo linalozaa mengine. Mpishi aliyechelewa huukatisha unga kabla haujaumuka, kisha huongeza moto ili kufidia muda, na hapo ndipo hamri linabaki bapa na tui linapasuka. Nimeiandaa meza hii Mombasa nilikokulia, Dar es Salaam nilikofanya kazi, na Muscat. Kila nilipofaulu, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imekwisha Jumamosi kabla sijalala.

Hoteli kubwa zinauita mlo huu branchi na kuutoza pesa ya kununulia kuku wawili wazima. Mimi nauita chai ya saa nne, jina linalojulikana na kila aliyepita shuleni au ofisini. Ya Jumapili ina raha moja zaidi: hakuna kengele ya kukurudisha darasani.

Meza yenyewe ni mahamri na mbaazi za nazi kutoka Mombasa, supu ya makongoro (miguu ya ng'ombe) na chapati kutoka Dar, chapati ya mayai ya Kampala kwa ajili ya watoto, na chai. Inatosha watu wazima 8. Ukiona ni mengi, acha supu. Mbaazi usiziache.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha jiko

- Mbaazi kavu nusu kilo. Chagua zinazong'aa, zisizo na matundu ya wadudu. Zilizokaa dukani muda mrefu haziivi hata uzipikie kuni za matanga.
- Nazi kavu 4 kubwa. Itikise kila moja sikioni usikie maji. Iliyokauka maji ndani aghalabu imeshaanza kuharibika.
- Unga mweupe wa ngano robo tatu ya kilo, na kiganja kimoja cha kunyunyizia kibao.
- Sukari gramu 150, samli vijiko 2 vya mezani, chumvi kidogo.
- Hamira ya chenga vijiko 2 vya chai, visiwe vya mlima.
- Iliki ya punje, utwange mwenyewe upate kijiko 1 na nusu cha chai. Iliki ya unga ya pakiti ina rangi tu, harufu imebaki kiwandani.
- Mafuta ya kukaangia lita 1 na nusu.
- Makongoro kilo 1 na nusu, yaliyochomwa manyoya na kukatwa vipande buchani.
- Vitunguu maji 5, kitunguu saumu kichwa kimoja, tangawizi mbichi ya ukubwa wa vidole viwili, pilipili mbichi 4, pilipili mbuzi 2, manjano, pilipili manga, ndimu 6, nyanya 2 na kipande cha kabichi.
- Mayai 8, maziwa lita 1, majani ya chai, mdalasini, mchaichai, na matunda ya msimu.
- Chapati 12 za kununua.

Ndiyo, za kununua. Najua kuna mtu keshaguna. Lakini mama anayesukuma chapati 100 kila asubuhi hapo mtaani kwenu anazijua kuliko mimi na wewe, na jiko lako Jumapili halina nafasi ya chuma cha chapati. Mwagizie Jumamosi jioni, uzifuate saa 3 asubuhi.

Vyombo: karai lenye kina, kijiko kikubwa cha matundu, mbuzi ya kukunia nazi au blenda, chujio na kitambaa safi, kibao na kifimbo cha chapati, sufuria 3, kikaango, hotpoti 2 na chupa 2 za chai. Sufuria ya presha si lazima, ila itakuokolea gesi nyingi kwenye makongoro.

## JUMAMOSI

### Hatua ya 1: Loweka mbaazi (saa 1 asubuhi)

Chambua mawe, osha mara mbili, kisha loweka kwenye maji mengi yanayozidi mbaazi kwa kimo cha kidole kizima. Ziache saa 8.

Kuloweka kunapunguza muda wa jikoni na kunafanya punje ziive sawasawa. Bila hivyo utapata sufuria ambamo nusu imevurugika na nusu bado inagonga meno.

Kwenye joto la Mombasa au Dar badilisha maji mara moja katikati. Maji yakitoa povu na harufu ya uchachu, umezisahau.

Umefaulu ukibana punje moja kwa kucha ikakubali kugawanyika, na katikati hakuna kiini cheupe kikavu.

### Hatua ya 2: Makongoro yaingie motoni (saa 8 mchana)

Mwaka wangu wa kwanza Dar niliwaalika majirani kwa supu. Nikaamka saa 12, nikawasha mkaa, saa 1 sufuria iko jikoni, najiona hodari. Saa 4 wakafika. Saa 6 ngozi ilikuwa bado ngumu kama soli, nami nilikuwa nimeshawanywesha chai kavu mara tatu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Jirani, kumbe ulitualika chakula cha mchana?" Tangu hapo sijawahi kupika makongoro siku ya kuyala.

Yaoshe kwa maji ya moto na ndimu, ukikwangua weusi wa moto kwa kisu. Yachemshe dakika 10, umwage yale maji ya kwanza. Usiyaonee huruma: ndiyo yanayobeba harufu ya manyoya, na mgeni anayedai hali makongoro mara nyingi harufu hiyo ndiyo iliyomfukuza.

Weka maji mapya yanayofunika vipande na kuzidi kidogo, tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Kwenye sufuria ya kawaida, moto mdogo, funika, walau saa 4. Kwenye presha, saa 1 na robo tangu ianze kupiga mluzi. Chumvi na pilipili manga tia mwishoni, kwa sababu supu inapungua na chumvi uliyoipima mapema itazidi.

Tahadhari: usiifungue presha kwa nguvu. Zima moto, subiri mvuke uishe wenyewe. Na ukitumia sufuria ya kawaida, ongeza maji ya moto, si ya bomba. Ya baridi yanakurudisha nyuma.

Umefaulu ngozi ikiachana na mfupa ukiigusa kwa mwiko, na mchuzi ukiuonja midomo inanata.

Sasa sehemu ambayo wengi wanakosea. Supu hii usiiache jikoni usiku kucha eti utaichemsha asubuhi. Iweke sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ikipoa tia kwenye friji, yote hayo ndani ya saa 2. Asubuhi utaikuta imeganda inatikisika kama halwa. Hiyo ndiyo sifa yake. Toa mafuta meupe yaliyokaa juu, mengine ni ya kuchemsha tu.

### Hatua ya 3: Chemsha mbaazi (saa 9 alasiri)

Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, chemsha kwa moto wa wastani mpaka ziive kabisa. Huchukua saa 1 hadi saa 1 na nusu.

Usitie nyanya wala ndimu wala kitu chochote kichachu kwa sasa. Uchachu unayakaza maganda, na ukishayakaza hayarudi. Wengine hutia magadi ili ziive upesi. Yanasaidia kweli, lakini kibano kikizidi kidogo utakula sabuni.

Umefaulu ukisaga punje kwa ulimi juu ya kaakaa ikakubali, na ganda likalainika nayo. Usikubali "karibu zimeiva." Tui halitazimalizia: mbaazi ngumu zikitiwa tui zinabaki ngumu ndani ya tui.

Zipoze, zifunike, friji.

### Hatua ya 4: Kuna nazi, kamua tui mara mbili (saa 12 jioni)

Kuna nazi zote 4, ukome kabla ya kufikia ganda la kahawia. Ukilikuna nalo, tui linakuwa la kijivu na lina uchungu kidogo.

Gawa mafungu mawili. La kwanza, nazi 2, litie maji vuguvugu kikombe kimoja na robo, lifinye kwa mkono dakika 3, kamua kwenye kitambaa. Hilo ndilo tui zito la unga. Unahitaji kama mililita 400. Fungu la pili fanya vivyo hivyo kwa maji kikombe kimoja, uliweke kando kwa ajili ya mbaazi.

Machicha yote rudisha pamoja, tia maji vikombe 3, kamua tena. Hilo ni tui jepesi, nalo ni la mbaazi. Andika kwenye vyombo. Nimeshawahi kukanda unga kwa tui jepesi usiku wa kukatika umeme, na yale mahamri yalikuwa mikate ya kawaida yenye pembe.

Tui la mbaazi liingie friji usiku huo huo, maana tui la nje halikai. Asubuhi utakuta mafuta yamepanda juu na kuganda. Halijaharibika, koroga tu.

### Hatua ya 5: Kanda unga wa mahamri (saa 2 usiku)

Hapa ndipo mahamri yanapofuri au kukataa, kabla hata hujayaona mafuta.

Changanya unga, sukari, hamira, iliki na chumvi. Tia samli, sugua kwa vidole mpaka isionekane. Kisha mimina tui zito kidogo kidogo. Liwe vuguvugu tu: ukitia kidole kikae humo bila kushtuka. Tui la moto linaua hamira, na hakuna dalili yoyote utakayoiona mpaka kesho.

Usimimine mililita zote 400 kwa pupa. Unga hutofautiana, mwingine hunywa zaidi.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni unga uwe laini kiasi gani. Nami niliuliza, Muscat, jikoni kwa jirani yangu, bibi mmoja aliyezaliwa Unguja. "Bibi, nitajuaje?" Hakujibu. Alinyoosha mkono wenye unga akanibana ndewe ya sikio. "Hivi," akasema, akaendelea na kazi yake. Basi kipimo ni hicho. Bana ndewe yako, bana unga. Ukiwa mgumu kuliko sikio, ongeza tui kijiko kimoja kimoja. Unga mgumu hauna uwezo wa kutanuka mvuke unapousukuma kutoka ndani, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mahamri bapa.

Kanda dakika 12 hadi 15. Mwanzoni utanata mikononi, na hapo ndipo watu huogopa na kutupia unga zaidi. Vumilia. Paka mikono samli, endelea. Ukiiva unaacha bakuli safi, na ukiuvuta taratibu unanyooka bila kukatika.

Uache nje nusu saa, funika vizuri, kisha friji mpaka asubuhi. Baridi inaipunguza kasi hamira bila kuiua, kwa hiyo unga unaumuka polepole wakati wewe umelala.

Huna friji, au umeme wenu hauaminiki? Kanda saa 12 asubuhi Jumapili, ongeza hamira iwe vijiko 3, uweke pahali penye joto. Kwa hali ya hewa ya pwani saa 1 na nusu inatosha. Ila ujue umejipunguzia usingizi.

## JUMAPILI

### Hatua ya 6: Toa vitu kwenye friji (saa 12 na nusu)

Toa unga, mbaazi, tui na supu. Unga ni wa kwanza. Mafuta ya nazi yaliyomo ndani yake yameganda usiku, kwa hiyo utaukuta mgumu kama jiwe na utadhani umekosea. Hujakosea. Uache saa 1 na nusu urudie ulaini wake wa sikio. Anayeusukuma ukiwa bado na baridi anapata vipande vinavyojikunja na kupasuka kingo.

Wewe rudi kitandani, au nenda kanisani ibada ya kwanza.

### Hatua ya 7: Sukuma na kukata (saa 2)

Gawa madonge 8, kila moja kama ngumi ya mtoto. Usiyakande upya, yaviringe tu. Yapumzike dakika 10 chini ya kitambaa.

Sukuma kila donge liwe duara, unene wa nusu sentimita, chini kidogo ya unene wa penseli. Ukipita hapo ukafanya membamba kama chapati, tabaka za juu na chini zinashikana na hakuna tumbo la kujaa hewa. Hiyo ni sababu ya pili ya mahamri bapa. Kata duara mara mbili kwa kisu kikali, upate robo 4.

Nyunyiza unga kidogo sana kwenye kibao. Unga mkavu uliobaki juu ya hamri unadondoka kwenye mafuta, unaungua, na mafuta yakiwa meusi kila kinachofuata kinakuwa na mabaka.

Panga vipande kwenye trei iliyotandazwa kitambaa, visigusane, funika, viumuke tena dakika 25 hadi 30. Umefaulu ukibonyeza kwa ncha ya kidole na shimo likarudi taratibu. Likirudi ghafla, subiri. Lisiporudi kabisa, umechelewa: kaanga sasa hivi, maana yakizidi kuumuka yanakunywa mafuta.

### Hatua ya 8: Mbaazi zipate tui (saa 2 na nusu)

Wakati mahamri yamepumzika, weka mbaazi jikoni na tui jepesi, vitunguu maji 2 vilivyokatwa vyembamba, pilipili mbichi zilizopasuliwa kwa urefu, manjano nusu kijiko cha chai na chumvi. Chemsha wazi mpaka tui jepesi lipungue kufikia usawa wa mbaazi. Ponda kiasi cha mwiko mmoja wa punje ubavuni mwa sufuria. Hizo ndizo zitakazoushikilia mchuzi.

Sasa punguza moto mpaka wa chini kabisa, ndipo umimine tui zito, huku unakoroga kuelekea upande mmoja. Usifunike. Usiondoke. Usijibu simu. Dakika 8 hadi 10, sufuria inachezesha mapovu madogo pembeni tu.

Tui linakatika kwa sababu moja kubwa: mchemko mkali. Mafuta yanajitenga na maji, unabaki na maji yenye chenga nyeupe. Ukiona chenga zinaanza, ipua mara moja, tia maji ya baridi vijiko viwili, koroga. Likishakatika kabisa halirudi, ingawa ladha bado ipo. Walishe watu wa nyumbani, wageni uwape supu.

Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake.

Umefaulu ukizamisha mwiko na kuutoa, mchuzi ukabaki umeupaka mgongo wake. Ziache laini kuliko unavyotaka kuzila, kwa sababu zitazidi kuwa nzito zikikaa.

### Hatua ya 9: Kaanga mahamri (saa 3 na robo)

Karai lijae mafuta hadi nusu, lisizidi. Moto wa wastani. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 175 hadi 180. Kama huna, dondosha kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, bado, kikielea papo hapo na kuwa kahawia, umezidisha, kikizama kidogo kisha kikapanda kimezungukwa na mapovu, ndipo.

Tia mahamri 3 kwa mara moja. Yakishapanda juu, chota mafuta ya moto kwa kijiko kikubwa uyamwagie mgongoni, harakaharaka, bila kuacha. Utaona tumbo linainuka kutoka pembe moja na kukimbilia nyingine. Upande wa juu ukipata moto kabla haujakauka, mvuke wa ndani unausukuma. Asiyemwagia mafuta anategemea bahati.

Geuza mara moja tu. Dakika 2 kwa jumla, rangi ya asali nyeusi kidogo. Sukari na tui hufanya yaendelee kukolea hata yakishatoka, hivyo yatoe mapema kidogo kuliko macho yanavyotaka.

Kila baada ya mikupuo minne simama dakika moja mafuta yarudi kwenye joto lake. Mafuta yaliyopoa ndiyo sababu ya tatu ya mahamri bapa, na ndiyo sababu pekee ya yale yanayoacha alama ya mafuta kwenye karatasi.

Tahadhari: watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika karai kwa mfuniko au trei. Usimwage maji kabisa.

Umefaulu ukilipasua hamri ukakuta pango, kuta mbili nyembamba na harufu ya iliki inakupiga usoni. Yaweke kwenye hotpoti iliyotandazwa kitambaa na mfuniko ulioachwa wazi kidogo. Ukifunga kabisa yakiwa ya moto, yanatoa jasho na kulegea.

### Hatua ya 10: Supu, chapati na mayai (saa 3 na dakika 45)

Supu ichemke kwelikweli, mapovu makubwa, walau dakika 5. Onja chumvi. Pilipili mbuzi na ndimu zikae kando kwenye kisahani. Dar mtu akikuta umeshamkamulia ndimu anaona umemwingilia.

Chapati za watoto ni kazi ya dakika 3 kila moja. Kampala muuzaji hupigia mayai kwenye kikombe cha plastiki, pamoja na kabichi, kitunguu na nyanya zilizokatwa ndogondogo na chumvi. Mimina mayai mawili kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, yatandaze, na kabla juu hayajakauka lalisha chapati juu yake uibonyeze. Ikishashika, geuza, ikunje kama mkeka. Mayai yakikauka kabla ya chapati kukaa, hayatashikana na utakuwa na chapati na mayai tu. Nyanya toa mbegu, la sivyo maji yake yanaivuruga.

### Hatua ya 11: Chai

Fanya aina mbili. Ya maziwa chemsha kama Nairobi: maji nusu, maziwa nusu, majani na tangawizi vichemke pamoja mpaka itake kumwagika mara mbili, chuja, chupani. Sukari kila mtu ajitilie.

Ya pili bila maziwa. Dar ni chai ya rangi, Mombasa ni mkandaa, Nairobi utasikia strungi. Mdalasini na mchaichai vinatosha. Hii ndiyo inayokwenda na makongoro, kwa kuwa maziwa juu ya ule mchuzi unaonata ni mzigo.

## Kama uko Muscat, au mbali na nazi

Oman wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na meza hii huwa ya Ijumaa. Maana yake ratiba yote inasogea nyuma kwa saa 1. Watu wale saa 3, wapate muda wa kunawa, kubadili nguo na kuwahi sala ya Ijumaa. Ukichelewa nusu saa utaona wanaume wanatazama saa zao huku wanatafuna. Kazi ya Jumamosi hapo juu yote ifanye Alhamisi.

Nazi ikikosekana, kopo la tui la mililita 400 linatosha unga, na kopo jingine linatosha mbaazi. Gawa hili la pili: nusu liongeze maji vikombe 2 liwe tui jepesi, nusu liwe zito. Soma lebo, usichukue lenye sukari. Mengi ya makopo yametiwa kitu cha kulizuia lisikatike, kwa hiyo ni rahisi kwa mwanafunzi, ingawa harufu yake haifikii ya kukuna.

Mbaazi nenda maduka ya Wahindi uulizie tuvar nzima. Iliyopasuliwa ni ya mchuzi wa dali, itakuvurugikia. Ukikosa, tumia kunde; zinaiva upesi zaidi, kwa hiyo zianze kuzichungulia dakika 40 tu baada ya kuziweka jikoni.

Kwa chai, pale ni karak: maziwa ya kopo, iliki, na kuchemsha kwa muda mrefu mpaka rangi iwe ya matofali. Tia kwenye vikombe vidogo. Ni nzito, na mtu ana mahamri manne mbele yake.

## Yakibaki

Mahamri yaliyobaki yafunge kwenye mfuko yakishapoa, kesho yapashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, umefunika, dakika 2 kila upande. Usiyarudishe kwenye mafuta. Mbaazi zikae friji siku 2, uzipashe kwa moto wa chini na maji kidogo, kwa sababu tui bado linaweza kukatika hata siku ya pili. Supu ya makongoro kwa kawaida haibaki. Ikibaki, mpelekee yule mama wa chapati.